Nguo ya Kujia na Nguo ya Kwendea

Sokomuhogo, Mjini
Mfunguo Saba, Jumatatu baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hapo ulipo ushaitikia marahaba kabla Riziki hajafika mwisho wa mstari, na mimi huku nshaipokea. Mimi ni mzima wa mwili. Mjukuu wako Zena mzima, ana meno mawili ya chini na hutafuna kila anachokishika, hata ukindu wa mkeka. Nyinyi hamjambo? Miguu yako inasemaje? Yale mafuta ya mbarika niliyoyaleta na gari la Jumamosi yalifika, au yameshuka njiani kama ile sabuni? Na makumbi yako ya nazi uliyoyafukia pwani ushayafukua? Usiende kuyafukua peke yako, mama. Ule ubaridi wa tope ndio unaokuumiza magoti, na kamba hazikimbii.

Riziki mdogo wangu, soma pole pole, na usimrukie mama maneno ukiyaona mazito. Ila huko mbele kuna pahala nimepiga mstari juu na chini. Hapo usome kwa moyo, peke yako, kisha uendelee kwa sauti kama hapana kitu.

Mama, barua ya mwanzo nilikwambia Makame anakohoa. Ya pili nilikwambia kalazwa lakini anaendelea vizuri. Zote mbili nilizipunguza. Leo sipunguzi, maana nataka radhi yako kwa jambo nililolifanya juu ya nguo uliyonipa, na huwezi kunipa radhi kwa nusu ya habari.

Makame yumo katika wodi ya wagonjwa wa kifua, huu mwezi wa nne. Wodi yenyewe imejitenga na nyingine, ina madirisha mapana, na mimi husimama nje kwenye majani nikazungumza naye dirishani. Zena haruhusiwi kusogea, kwa hivyo humwacha kwa Bi Nunu, mwenye nyumba wetu. Yule mtu aliyekuwa akipanda ubao wa bandarini na gunia la karafuu mgongoni huku anapiga soga, sasa kikombe cha uji hukiinua kwa mikono miwili. Wanamchoma sindano kila siku. Mwanzo zilimfaa. Alijaa kidogo hapa mashavuni, na mimi nikaanza kupanga mambo, nikamwambia akitoka tutakuja Makunduchi kukaa kwako mwezi mzima ale samaki wa pwani. Kisha ile damu ya kikohozi ikarudi.

Wiki ya juzi daktari aliniita kando. Yeye hajui Kiswahili cha kutosha, akasema kwa mkalimani, na yule mkalimani akanambia kwa sauti ya chini kwamba mapafu yote mawili yashaharibika, na kwamba watamfanyia kila la kumpunguzia tabu. Nikamwuliza, "Kumpunguzia tabu ndiyo kumponya?" Akatazama viatu vyake. Mama, skuli nimekwenda miaka mitatu tu, lakini hilo nililisoma.

Nimelia siku mbili. Siku ya tatu ikabidi nihame, na kuhama hakumngoji mtu amalize kulia.

Vile vyumba viwili vya juu hatuviwezi tena tangu Makame aache kazi. Bi Nunu hakunifukuza, usije ukamdhania vibaya. Kanishusha chini, kwenye chumba cha ubavuni mwa ngazi alichokuwa akiweka makaa. Kakipaka chokaa kwa mkono wake, na umri ule. Lakini makaa hayaishi, yanatoka ukutani kama jasho, na Zena akitambaa huinuka na magoti meusi. Kitanda kimeingia. Baada ya kitanda panabaki pa kutandika mkeka mmoja. Kasha ulilonipa harusini halikuingia. Walilijaribu kwa ubavu, wakalijaribu kwa kichwa, wanaume wawili wanatoka jasho, mlango haukulikubali. Likakaa ukumbini siku tatu, na kila mpangaji apitaye analigonga goti na kulisemea maneno. Siku ya nne Bi Nunu akakaa juu ya ngazi ya chini, akanambia:

"Mwanangu, hili halitageuka paka likapenya. Toa vilivyomo, ubakishe unavyovitumia, vingine tuvitafutie pa kwenda."

Nikamwambia vilivyomo vyote sivitumii.

"Basi kazi imekuwa nyepesi," akasema.

Haikuwa nyepesi. Wewe unajua ulichonitilia mle ndani. Hukunitilia hata kitu kimoja cha kila siku. Vya kila siku ulisema nitavipata Mjini. Ulinitilia vile ambavyo mtu hupita mwaka hajavigusa, na siku moja tu ya kuvitaka akivikosa, kaadhirika. Lile sufuria la shaba la mikono miwili nimelipikia mara moja, siku ya akika ya Zena. Mara nyingine zote limekwenda kwa watu, na maulidi ya mwezi uliopita lilikwenda Mkunazini likarudi na ukoko wa watu nisiowajua. Sinia mbili. Mrashi wa marashi na chetezo cha ubani. Kamba za susu ulizozisokota mwenyewe, Zena kalala humo miezi mitano akawa mzito. Kikopo cha kafuri. Na vile vifurushi viwili ulivyovifunga kwa kipande cha kanga moja.

Nikakaa chini ukumbini nikawa natoa kimoja kimoja. Bi Nunu anauliza, hiki? Nasema hiki sikitoi. Na hiki? Hicho pia sikitoi. Akasema nimekuwa dalali asiyetaka kuuza. Mwisho tukapatana. Sufuria na sinia ziende jikoni kwake, ziwe zangu lakini zikae kwake, na anayetaka kuazima aazime kwake. Susu nimelitundika juu ya kitanda, na humo nimetia mrashi, chetezo na nguo za mtoto. Usiku upepo ukipita chini ya mlango linapembea kidogo, na Zena hulitazama mpaka akalala, anadhani bado ni lake.

Ikabaki kafuri na vifurushi viwili. Nikafungua kwanza kile ambacho nilishakifungua siku za uzazi, chenye ile bafta nyeupe. Ndipo akaingia wifi Mwaka.

Mwaka unamkumbuka, dada wa Makame anayekaa Mpendae, ndiye aliyecheza siku ya harusi mpaka ukaya ukamvuka kichwani. Si mtu mbaya, mama. Na alikuwa anatoka hospitali, macho mekundu, hata buibui hajalilegeza. Akasimama mlangoni akanusa. Kikopo cha kafuri kilikuwa wazi ubavuni mwangu. Akatazama kafuri, akatazama bafta mapajani mwangu, akasema taratibu kabisa:

"Mume bado anapumua, we ushampimia nguo."

Mimi sikumfahamu. Nakwambia kweli, sikumfahamu. Nikamwambia, "Wifi, hii ndiyo nguo niliyofungwa tumbo nilipomzaa Zena. Huu hapa na ukanda wake. Na hiyo kafuri ni ya mende, natia kwenye nguo za Makame."

Mwaka akamtazama Bi Nunu. Bi Nunu akawa anamfuta Zena magoti, na Zena magoti yalikuwa safi.

"Ya mende," akasema Mwaka. "Mwenzangu unaniona mimi mtoto wa chuo?"

Hapo akasema mengi. Kwamba nyumba yenye mgonjwa haiwekwi sanda, kuiweka ni kumwita. Kwamba watu wa shamba tuna haraka ya kuzika. Kwamba kama nampenda ndugu yake kama ninavyojidai, niitoe leo hii niipeleke msikitini apewe maiti asiye na mtu. Atarudi Ijumaa, na akiikuta, basi yeye na mimi tena hatujuani. Akaondoka bila kumbeba Zena, na hilo halijapata kutokea.

Nikavuta kile kifurushi cha pili, ambacho tangu nitoke kwako sijakifungua, nikafungua fundo. Ndani nikakuta nguo ya zamani, laini kama ngozi ya sikio, imegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Pana kama shubiri mbili, ndefu inazunguka mara nyingi. Pembeni ina alama ya damu iliyofuliwa miaka hata haitaki kutoka. Nikajua. Huo ndio mkaja. Mkaja wako uliojifunga uliponizaa mimi, na ulipomzaa Riziki.

Mama, naona umeshika kidevu. Ngoja nikueleze nilivyokosea, maana mwenyewe nimekaa siku nzima nikalitafuta kosa langu liko wapi.

Asubuhi ile ninaletwa Mjini uliniingiza ndani, ukafunga mlango, ukanionyesha vifurushi viwili. Ukasema, "Hivi visikose nyumbani kwako, hata kama miaka inapita huvigusi. Hiki cha kujia, hiki cha kwendea." Ukaishia hapo, na mimi bibi harusi nalia, wanja umeniingia machoni, nikaitikia naam. Wewe hukutaka kutaja jina la ile ya pili mbele ya mwari, najua ni haya na ni mwiko. Lakini mimi nikalielewa kwa akili yangu. Kwetu mtoto wa kwanza mtu huenda kumzalia kwa mama yake. Nikasema basi cha kwendea ndicho nitakachokwenda nacho Makunduchi nikiwa na mimba. Na cha kujia nikadhani ni mashuka ya wageni, siku wakija. Naona aibu hata kuandika. Nimelala miaka miwili na mkaja wako kwenye kasha nikijua ni mashuka ya wageni.

Na uchungu ulipokuja kabla ya mwezi wake, masika, barabara yote maji, hakuna gari la kunileta kwako, nikamwambia Bi Nunu afungue kasha atoe kile cha kwendea. Yeye ndiye aliyenizalisha. Akakitoa.

Nikamwuliza pale ukumbini, "Bi Nunu, ulijua?"

"Nilijua nilipoishika tu. Bafta mpya, imekunjwa haijavaliwa. Nani anamfungia mzazi nguo kama ile?"

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini, mwanangu, na kichwa cha mtoto kishatokea? Nikwambie kalete nyingine, hii ya kufia? Nikachana ukanda nikakufunga. Nikasema moyoni, nguo hii ikimshika mtu hai arubaini nzima itamchoka, itamwacha."

Nikacheka, mama. Nikacheka mpaka nikaegemea kasha, kisha kicheko kikageuka. Arubaini yangu yote, naletewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa pweza, natoka jasho, namnyonyesha mtoto, kumbe nimefungwa sanda yangu mwenyewe. Na ile kafuri ya kutilia maiti nimeitia kwenye kanzu ya Makame Sikukuu mbili. Ndiyo maana akiingia msikitini watu wakimpisha. Yeye akadhani ni heshima.

____________________

Riziki, ni hapa. Usisome kwa sauti. Ile bafta nimeitandika juu ya kitanda nikailalia. Si kipimo changu. Inanizidi hapa juu na hapa chini, na mimi si mrefu kama mama. Nafikiri ni ile ya mama, aliyoletewa na babu aliporudi Hija, aliyokuwa akiianika juani kila baada ya Ramadhani na kutufukuza tusiiguse. Nafikiri alinipa yake. Akienda pwani fungua kasha lake dogo, chini kabisa, uangalie kama alijiwekea nyingine. Usimwulize. Niandikie mimi.

____________________

Haya, mama. Kutoka Jumanne hadi Alhamisi sikujua la kufanya. Maneno ya Mwaka yalinikaa. Nikiitazama ile bafta naona kama kweli inamwita. Nikifikiri kuitoa, nasikia sauti yako, hivi visikose nyumbani. Mara mbili nimeifunga, nimeitia kwapani, nimefika mpaka kona ya msikiti, nimerudi. Mara ya pili imamu aliniona, akaniuliza kama nina haja. Nikamwambia napita tu.

Sikutaka Makame ajue. Lakini Alhamisi nimefika dirishani, hata salamu hajaipokea sawasawa, akanambia, "Mwaka anasema una nguo yangu."

Nikamwambia yote. Vifurushi, wageni, ukanda, kafuri. Nilipofika kwenye kafuri akaanza kucheka. Alicheka hivi hivi kama zamani, meno yote nje, mpaka kikohozi kikamkamata na mwuguzi akaja akanitazama vibaya. Alipotulia akafuta mdomo, akakificha kitambaa, na mimi nikajifanya sikuona rangi yake.

Akasema, "Sasa iliyobaki inatosha?"

Mama, hilo si suala ambalo mke anategemea kuulizwa na mume mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Nikamwambia sanda ya mwanamke ni nguo tano, nyingine ndogo, na ya mwanamme ni tatu za mwili mzima. Nimepima kwa mkono. Zinatoka mbili kamili, na ya tatu ina pengo, ule ukanda aliouchana Bi Nunu.

"Rudishia ukanda."

"Nilifungwa tumbo nao, Makame."

"Umefuliwa?"

"Umefuliwa."

"Basi watasema Makame kaondoka na mkaja. Watasema kazaa." Akataka kucheka tena, akajizuia, akashika kifua. Kisha akasema, na hii nakuandikia kama alivyoisema, "Usiipeleke msikitini. Mie sitaki kuchangiwa nguo. Nimebeba mizigo ya watu toka nina ndevu tatu, huo mmoja nataka uwe wangu. Na Mwaka mwambie haijaniita. Mwambie nimeikuta ipo tu, kama wali chini ya kawa."

Kisha akauliza, "Na kile kingine je? Cha kujia?"

Nikamwambia kipo, hakijaguswa. Na hapo, mama, nilingoja. Nilimtazama mdomo. Nilitaka anambie kiweke, kitatufaa, Zena atapata mdogo wake. Hata kama si kweli nilitaka alitamke tu. Aliangalia majani nyuma yangu muda mrefu. Akasema, "Hicho kizuri." Basi. Kengele ikalia tukaambiwa tuondoke.

Ijumaa baada ya sala Mwaka akaja kama alivyosema. Akanikuta nimekaa juu ya kitanda, bafta mapajani, uzi na sindano, narudishia ule ukanda. Nilikuwa nimeufua mara tatu tena, kwa maji ya kisima na nimeuanika juu ya paa penye jua, si uani penye moshi. Sikuificha. Nikamwambia, "Kaka yako kasema iwe yake. Kasema haijamwita, kaikuta kama wali chini ya kawa."

Nilidhani atanipigia kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, buibui bado mwilini, akawa anatazama mkono wangu unavyokwenda na kurudi. Nje mwuza kahawa anapita anagonga vikombe vyake.

Mwisho akasema, "Nilidhani tukiitoa, atabaki."

Nikamwambia, "Na mimi nilidhani hivyo, wifi. Nimefika nayo mpaka kona ya msikiti."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akashusha pumzi. Akatazama tena mshono wangu. "Lete huku. Unashona kama unashona gunia." Akaninyang'anya, akafumua vidole vinne vya kazi yangu, akaanza upya, mshono mdogo mdogo kama anashona kofia. Mimi nikamshikia upande wa pili unyooke. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akaikunja, kisha ndipo akamchukua Zena na kumtia mgongoni, akatoka naye barazani wakakaa mpaka alasiri. Kasha amelichukua yeye. Mlango wake wa Mpendae ni mpana, limekwenda na gari la ng'ombe, na kasema nikipata chumba litarudi. Nilisimama barazani nikalitazama mpaka lilipokata kona. Nilipoingia ndani ukumbi ulikuwa mkubwa, na wapangaji wanapita bila kugonga magoti.

Kwa hiyo radhi ninayoitaka ni hii, mama. Nguo ile ulinipa mimi, na mimi nimempa yeye. Nilifungwa nayo nikiwa hai ikaniachia, na sasa naona ndiyo itakayomshika. Sijui ni lini. Siku moja anakula vijiko sita, siku nyingine viwili. Nikiamka alfajiri husema labda leo, na sijui labda leo nini. Daktari akipita mbali nikimwona anacheka na mwenzake, mimi hufurahi, hudhani kasikia jambo jema juu ya Makame. Mjinga mimi. Lakini kila siku hufanya hivyo.

Na mkaja wako, nilitaka kuurudisha na gari hili hili. Nilisema wa nini tena huku, nani atakuja kunifunga. Nimeukunja, nimeutia kwenye karatasi ya sukari, nimeandika juu Bi Mosi, Makunduchi. Nikauweka juu ya mkeka niende kutia maji birika. Nilipogeuka, mjukuu wako keshavuka mkeka mzima, kaichana karatasi, kaukamata kwa yale meno yake mawili. Nikamvuta, akavuta. Nikamwachia.

Basi umebaki. Siuweki kwa ajili yangu. Nimeufua nimeukausha nimeurudisha katika kanga yako, uko ndani ya susu juu ya kichwa chake. Na nimeahidi jambo moja. Huyu siku yake ikifika, sitamwambia cha kujia wala cha kwendea. Nitamkalisha chini, mwiko au si mwiko, nimwambie mwanangu huu ni mkaja, na hii ni sanda, shika mikononi uone tofauti yake. Usinikasirikie kwa hilo. Wewe ulinistahi, na mimi nakushukuru kwa kunistahi. Lakini yeye nataka ajue.

Nisalimie shangazi mwenye ng'ombe, mwambie samli yake bado ipo chini ya chupa, nailambisha kidogo kidogo. Nisalimie mjomba mtengeneza madema ya samaki, na bibi jirani aliyenifunza kusuka mkeka, mwambie Zena anautafuna. Nisalimie mwalimu wa chuo na mkewe, umwombe amtaje Makame kwa jina kwenye dua ya Ijumaa, Makame bin Haji, wasiseme tu mgonjwa wa Mjini. Wifi Mwaka na Bi Nunu wanakusalimu. Makame anakuambia shikamoo, na anasema umsamehe kwa kafuri.

Mimi mwanao uliyenifungia kasha,
Kazija

Riziki, hili dogo nalo ni lako. Jibu lako liwe neno moja, ipo au haipo, liandike popote kwenye barua, mama hatajua tunazungumza nini. Ikiwa haipo, usilie mbele yake. Nitatafuta bafta, nitaipima kwa urefu wake na si wangu, nitamletea kwa mkono wangu.